Kumsimamia Fundi wa Joto

Katika familia yetu fundi haachwi peke yake. Baba alijenga nyumba yetu ya Morogoro kwa miaka tisa, na kila siku ya kazi aliketi kwenye kiti cha plastiki, hatua tatu kutoka kwa yeyote aliyeshika mwiko au nyundo. Hakuwa mkali. Alimsalimia fundi, akamuulizia watoto, akapiga naye soga, lakini macho yake hayakubanduka mikononi mwa yule mtu. Akiitwa nje kidogo, alituita sisi watoto tukae mahali pake. Hatukutakiwa kuelewa chochote, kutazama tu. Alisema fundi akijua anatazamwa atafanya kazi yako, na akijua hatazamwi atajitengenezea kazi ya mwezi ujao.

Somo hilo nilisafiri nalo hadi Toronto, na huko nikalitumia kumharibia mtu jina mbele ya watu karibu mia mbili, watu wale wale ambao kwao alikuwa akipata riziki. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na hakika, na sasa naona hakika yangu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya takwimu na bado sijapata kazi. Niliishi Mount Dennis kwa mama mdogo, mdogo wake mama, muuguzi wa zamu ndefu ambaye nusu ya wiki nilimwona akivua viatu au akivivaa tu. Nyumba yake ni ya matofali, nyembamba, kongwe, imebanana na za jirani kama watu kwenye benchi. Tulikubaliana kwamba mimi nitaitunza wakati wa baridi. Alinibandikia orodha kwenye mlango wa friji: kufunga koki ya nje kabla maji hayajaganda, kutoa majani kwenye mifereji ya paa, kubandika nailoni madirishani, kubadilisha chujio la mashine ya joto, kuondoa theluji mbele ya nyumba na kumwaga chumvi kwenye ngazi. Mtu mwingine angeisoma ile orodha na kwenda kulala. Mimi kila mstari niliusoma kama sharti ambalo tayari nimelivunja.

Novemba ulikuwa mwezi wa kuikagua mashine ya joto. Ipo besimenti, yaani chumba kilicho chini ya ardhi, na inapuliza hewa ya moto kupitia matundu ya sakafuni katika kila chumba. Bila hiyo nyumba ya huku haikaliki. Mama mdogo alimwita fundi aliyemfahamu kupitia kundi la simu la watu wetu, Watanzania, Wakenya na Wakongo wachache, kundi ambalo watu huulizia unga wa muhogo, hutangaza misiba na hupendekezana mafundi. Huyu alikuwa Mkongo, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, mpole kupita kiasi. Upole ule nilianza kuutilia shaka pale mlangoni. Mtu asiye na la kuficha, niliwaza, huwa na haraka kidogo.

Nilimsimamia. Nilichukua kiti cha jikoni nikashuka nacho besimenti, nikaketi. Akacheka.

"Dada, iko sinema hapa?"

Nikasema napenda kujifunza. Akanionyesha hiki na kile, nami nikatikisa kichwa huku nikihesabu skrubu alizofungua. Zilikuwa sita. Baadaye akaniomba maji kidogo, mayi, kama anavyosema, ya kumimina kwenye mpira wa kutolea unyevu. Nilipanda juu, jagi sikulipata upesi, na niliporudi zilikuwa zimepita dakika nne. Nilimkuta anafunga mfuniko wa mashine. Nilimwona akitia kitu kidogo mfukoni mwa koti lake. Hadi leo sijui kilikuwa nini. Yaweza kuwa skrubu iliyochakaa, yaweza kuwa pipi. Nilihesabu skrubu za mfuniko: sita. Badala ya kutulia nikajiuliza kama sita hizi ni zile sita.

Desemba niliona vinyesi vya panya chini ya sinki. Mama mdogo alisema panya huingia ndani baridi ikikaza, kila mtu anajua, niweke mtego. Mimi nilisoma hadi macho yakaniwasha. Nikajifunza kwamba panya anapita kwenye tundu la upana wa kidole. Kwetu tundu lisilo na kazi huzibwa kwa tambara, hakuna anayeitisha kikao. Nilikata kitenge changu cha zamani vipande, nikanunua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, nikaizunguka nyumba ndani na nje. Nilihesabu matundu kumi na moja.

Upande wa uchochoroni, mabomba mawili meupe ya plastiki hutokeza ukutani kwenye usawa wa goti. Moja lilikuwa linatoa mvuke, kwa hiyo nikaona lina kazi yake. La pili lilikuwa kimya. Nilisogeza kiganja, nikahisi baridi tu. Nikaona hiyo ndiyo njia ya panya. Nikasukuma ndani nyuzi za chuma na kipande cha kitenge, sikukaza sana, nikaenda kwenye tundu la saba. Usiku huo nyumba ilipata joto kama kawaida, kesho yake vilevile, na ndani ya wiki moja nilikuwa nimeshasahau lile tundu, kwa sababu yalikuwa kumi na moja na hakuna lililolalamika.

Mwanzoni mwa Januari mashine ilianza kuzimika. Si kabisa. Ilizimika, ikakaa, ikawaka yenyewe. Mama mdogo alisema hata yeye huchoka. Mimi nikafungua daftari, nikaandika saa ya kuzimika na saa ya kuwaka, hali ya upepo, na kama kuna aliyekuwa anaoga. Nilisomea kutafuta mpangilio katika mambo, na mtu aliyesomea hivyo haukosi hata usipokuwepo. Siku mbili zilizofuatana nililiona gari dogo jeupe la mizigo likipita mtaani kwetu, na siku zote mbili mashine ikazimika kabla ya jioni. Fundi wetu alikuwa na gari jeupe. Kwamba nusu ya mafundi wa Toronto wana gari jeupe nilijua. Niliandika tu.

Kisha ikaanguka theluji mbichi, nzito, ya karibu na mvua, na baada yake ubaridi mkali ukashuka kwa mkupuo. Asubuhi moja mama mdogo yuko kazini, niliamka pua ikiuma. Mashine ilikuwa imezimika na haikuwaka tena. Nilishuka besimenti nikachungulia kwenye kidirisha chake. Kitaa chekundu kilikuwa kinapepesa mara tatu, kinatulia, kinapepesa mara tatu. Ndani ya kijimlango kuna karatasi ya maelezo, na kwenye karatasi, pepesa tatu maana yake hewa haipiti inavyotakiwa. Niliisoma mara nyingi. Nikafikia uamuzi kwamba kuna kitu kimelegezwa ndani, pale hewa inapopita, kimelegezwa na mtu aliyejua kitashikilia miezi miwili tu. Nikazikumbuka zile dakika nne.

Nilimpigia fundi mara mbili, hakupokea. Hilo nalo nikaliona ni ushahidi.

Nyumba ilikuwa imefikia nyuzi joto kumi na tatu na bado inashuka. Nikiwa na glavu moja mkononi, nikaandika kwenye kundi. Sikutukana. Laiti ningetukana, watu wangenipuuza. Niliandika kwa ufasaha, kwa mpangilio, kama ripoti: fundi fulani wa joto, aliyependekezwa humu, alikuja Novemba; aliomba aletewe maji ili abaki peke yake; alitia kifaa mfukoni; sasa mashine imekufa kwenye baridi kali na simu hapokei; tujihadhari. Sikumtaja jina, lakini kundi zima lilikuwa na fundi wa joto mmoja tu.

Kwa nusu saa simu haikunyamaza. Mmoja alikumbuka fundi bomba wa Kinondoni aliyemwibia koki. Mwingine alisimulia gari la shemeji yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kudhulumiwa na mtu huyu, ila kila mmoja alikuwa na fundi wake rohoni, na nilikuwa nimewapa mahali pa kumtua. Mama mmoja wa Mississauga, mji wa jirani, aliandika kifupi: alikuwa amemwita aje kesho, basi asije tena. Niliusoma ujumbe huo nikaona nimemwokoa mtu.

Mama mdogo alinipigia wakati wa mapumziko yake. Hakuwa amefungua kundi siku hiyo. Aliniagiza nifungue milango ya kabati chini ya sinki ili mabomba yapate hewa ya nyumba, niache maji yachirizike kidogo kwenye kila koki yasije yakaganda na kupasua bomba, halafu akasema amempata fundi wetu kwa simu, alikuwa juu ya paa la mtu, yuko njiani.

Nilitaka kumwambia nilichoandika. Nikasema sawa.

Alifika kabla ya saa sita mchana. Alikung'uta viatu, akasalimia, akauliza mama yuko wapi. Simu yake ilikuwa mkononi na kioo kilikuwa kinawaka, na juu ya kioo niliona picha ya kundi letu. Kwa hiyo alikuwa amesoma. Alikuwa amesoma, na amekuja. Nilijiuliza mtu anayekuja baada ya kusoma vile anataka nini. Aliitia simu mfukoni, akasubiri nimtangulie kushuka.

Nilibaki kwenye ngazi ya mwisho, sikuleta kiti. Akageuka.

"Ukaribie, dada. Uone muzuri," akasema. "Kamata tochi."

Nikaishika. Alitazama kitaa, akahesabu pepesa kwa midomo, akafungua mfuniko, akanionyesha kila kitu kabla ya kukigusa, kama mganga anayekunja mikono ya shati ili watu waone hana alichoficha. Hakuna kilicholegea. Kisha akafuata kwa kidole bomba jeupe linalotoka kwenye mashine na kupanda ukutani hadi linapotokeza nje. Akauliza kama nje kuna theluji nyingi upande ule. Nikasema sijui. Nilikuwa kweli sijui, bado.

Tulitoka. Uchochoroni alipiga magoti, akaondoa theluji kwa mikono, akachungulia bomba la pili. Alitoa koleo, akavuta. Donge lililokuwemo lilikuwa limegoma, limeganda gumu kama ubao, likatoka kwa mlio. Akaligeuza. Nyuzi za chuma na kitambaa cha rangi ya chungwa chenye ndege wa buluu.

Niliwajua wale ndege. Nilikuwa nimewavaa kwenye mahafali yangu ya kidato cha sita.

Akanieleza polepole, bila kunitazama. Bomba la kwanza hutoa pumzi ya mashine, la pili huivuta. Kitambaa kilipokuwa kikavu kilipitisha hewa kidogo, mashine ikawa inahema kwa shida. Theluji mbichi ilipokilowesha na baridi ikakigandisha, ikakosa pumzi kabisa. Ikajizima yenyewe, ndivyo ilivyotengenezwa, ili isije ikawaua watu waliomo ndani.

"Mashini ilikuwa inavaa kitenge," akasema. Ndipo akacheka kidogo, na mimi sikuweza.

Nilisema ni mimi. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Tuliporudi ndani mashine ilikuwa inanguruma, na hewa vuguvugu ikaanza kunipanda miguuni. Alikusanya vifaa vyake. Mlangoni akasema, kwa sauti ile ile ya upole:

"Bon. Tuseme ni neji tu. Neji haina muntu wa kuitetea."

Neji ndivyo alivyoiita theluji. Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Ningeandika kwamba bomba liliziba kwa theluji, tatizo limekwisha, na kila mtu angesahau. Na mimi, badala ya kushukuru, nilisimama pale nikimchunguza uso. Kwa nini anisitiri? Anataka kunishika kwa deni la fadhila? Ni ujanja wa aina gani huu usio na faida? Aliondoka nikiwa bado sijaupata.

Nilichokipata baada ya saa moja ni hesabu rahisi. Nikiandika kwamba ni theluji, zile dakika nne zitabaki palepale, na kile kitu cha mfukoni, na simu isiyopokelewa. Mashine itakuwa imesafishwa, yeye hapana. Na huenda alilijua hilo, ila alikuwa ameshachoka kusafishwa na watu kama mimi.

Mama mdogo alirudi jioni akiwa ameshasoma kila kitu kwenye basi. Alikaa bila kuvua koti. Nilimweleza mpaka mwisho, kitenge na yote, nikamwonyesha maelezo niliyokuwa nimeandika, rasimu ya sita, yenye aya nne na neno "kwa mtazamo wangu" mara tatu.

"Ulimsema wapi?" akauliza.

"Kwenye kundi."

"Basi msafishe hapo hapo. Na usiandike. Ukiandika unakuwa wakili. Sema kwa mdomo, wasikie unavyoona haya."

Nikarekodi ujumbe wa sauti, yeye akiwa ameketi mbele yangu. Nilisema bomba niliziba mimi kwa kitenge changu nikidhani ni tundu la panya, fundi hakuharibu kitu, na alikuja kunisaidia ilhali ameshasoma nilichomwandikia. Watu walicheka, wengi kwa huruma. Mmoja aliniuliza kama na friji nimeifunga khanga. Nilidhani yamekwisha. Lakini mama wa Mississauga hakujibu, na asubuhi mama mdogo akanipa namba yake na kuniacha jikoni.

Alikuwa mama wa Kihindi mzaliwa wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Binti," akasema, "jana wewe umesema ni mwizi. Leo wewe huyo huyo unasema si mwizi. Sasa nikuamini siku gani?"

Nikasema leo. Akauliza fundi kanipa nini. Nikasema hajanipa kitu. Akasema basi ni mchumba wangu. Nikasema ana umri wa baba yangu. Akasema hilo halijawahi kumzuia mtu. Nilianza kueleza jinsi bomba la pili linavyovuta hewa, akanikata: kwake bomba halina shida, mimi ndiye mwenye shida, maana anayebadilika usiku mmoja ama alidanganya jana ama anadanganya leo. Mimi mwenyewe nisingemwamini mtu kama mimi.

Nikamwambia nitakuja. Siku atakayomruhusu fundi, nami nitakuwepo nyumbani kwake, na lolote likiharibika anijue mimi.

"Uje na kitambulisho," akasema.

Fundi aliposikia alisema anaweza kunipitia na gari. Nilikataa. Niliwaza yule mama akituona tunashuka pamoja atasema tumepanga. Kwa hiyo nilichukua treni, kisha basi, kisha nikatembea kwenye barabara pana zisizo na watu wa miguu, nyumba zote zinafanana, na nikafika dakika ishirini kabla yake, jambo ambalo njiani niliona litanisafisha na pale mlangoni nikaona limezidi kunitia mashakani.

Fundi alipofika alishuka besimenti peke yake. Mama yule hakumfuata. Aliweka chai ya tangawizi mezani, akavuta kiti, akakaa akinitazama mimi. Aliuliza baba anafanya kazi gani. Aliuliza nimesoma nini, na kwa nini mtu mwenye shahada anaziba matundu. Aliuliza mama mdogo anaitwa nani, akazungumza kuhusu hali ya hewa, halafu akauliza tena mama mdogo anaitwa nani. Nilimwonyesha kitambulisho. Alikishika mbali kidogo na macho, akaulinganisha uso na picha, akakiweka upande wake wa meza.

Chini kikaanguka kitu cha chuma. Nikajikuta nimeinuka nusu, nimeshika ukingo wa meza.

"Kaa," akasema. "Unakwenda wapi?"

Nikakaa. Chini kulikuwa kimya, kisha tukasikia mtu akisugua, kisha akikohoa, kisha mashine ikavuta pumzi na kuanza kunguruma. Ilichukua zaidi ya saa moja. Chai yangu ilipoa nikiwa nimeikumbatia kwa mikono miwili, na katika muda wote huo hakuna aliyemtazama fundi.

Alipopanda juu akifuta mikono, mama aliinuka, akavua kandambili moja, akaweka unyayo juu ya tundu la hewa la sakafuni. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, macho amefumba. Kisha akamuuliza kama Jumamosi ana nafasi. Dada yake anakaa mtaa wa pili, mashine yake inapiga kelele kama mbuzi, hajui afanyeje. Fundi alisema Jumamosi anaweza, akaomba aelekezwe nyumba. Mama alimwelekeza kwa mkono kupitia dirishani, kushoto, kushoto tena, mlango wa kijani.

Halafu akachukua kitambulisho changu mezani, akanirudishia.

"Jumamosi usije," akaniambia.